Tulivyokwenda Kupimwa Uzazi Tukiwa na Mama Mkwe

Ndugu zangu wa karakana, mmeniuliza vya kutosha. Oska ameniuliza mpaka mbele ya wateja. Mnanijua, watu wakizidi wawili maneno hunikwama kooni, ndiyo maana nimeona niwaandikie. Shule niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Jioni moja naandika mistari michache, kesho yake naendelea. Basi na nyinyi msome taratibu. Atakayecheka acheke, ila asiishie njiani.

Mnachojua ni kwamba mimi na Yunisi tuko mwaka wa nne wa ndoa na hatujapata mtoto. Msichojua ni kwamba tulishakwenda Mbeya mara mbili na mara zote tukarudi mikono mitupu. Mara ya kwanza mashine ya picha ilikuwa mbovu. Mara ya pili mvua ilikata barabara. Kipimo chenyewe ni cha kuangalia kama mirija ya mwanamke imeziba, nacho kina masharti: hufanywa siku chache tu baada ya hedhi kwisha. Siku hizo zikipita, mnarudi nyumbani kusubiri mwezi mwingine. Safari hii ya tatu Yunisi aliniambia, "Festo, tukikosa tena mimi sitarudi kule. Nimechoka kuvua nguo na kuvaa bila kupimwa."

Kwa hiyo siku zenyewe ndizo zilikuwa zinatukimbiza. Na katika mbio hizo tukaongezewa mama mkwe.

Kutoka bondeni

Kwao Yunisi ni bondeni, upande wa Kamsamba. Kwa desturi ya kwao, mke akienda kutibiwa mambo ya uzazi, wazazi wake lazima wajulishwe kwa mdomo, si kwa simu. Tukashuka wote wawili kuwajulisha. Nilidhani tutasema, tutaombewa, tutaondoka. Asubuhi mama mkwe akatoka ndani amejifunga kitenge kipya, begi begani, kuku mwekundu kwapani.

"Mama, unakwenda wapi?" Yunisi akamuuliza.

"Mbeya. Kuku ni wa daktari."

Sasa wale mnaotoka mbali lazima niwaeleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Siketi kiti kimoja naye, simpiti mbele, simwangalii usoni. Jina lake silitaji, na hata hapa siliandiki. Yeye naye langu halitaji. Hatuongei. Tukiwa na jambo, Yunisi hulipeleka na kulirudisha. Ndiyo heshima yenyewe, na miaka yote tuliiweza vizuri kwa sababu yeye alikaa bondeni na mimi Tunduma.

Tulipanda Fuso lililobeba samaki wakavu kutoka ziwani. Yunisi na mama yake walikaa mbele juu ya magunia, mimi nikakaa nyuma kabisa nimewapa kisogo. Kabla hatujafika mbali likazama kwenye tope. Abiria wote tukashuka kusukuma, mimi pembe ya kushoto, mama mkwe pembe ya kulia, na gari lote katikati yetu kama ukuta. Yunisi alikuwa mbele anabeba mizigo. Nikasikia sauti:

"We kuku, mwambie kijana asisukume kwa tumbo. Asukume kwa bega."

Nikasukuma kwa bega. Gari likatoka. Tangu hapo kuku akawa mjumbe wetu kila Yunisi alipokuwa mbali. Mimi sikuthubutu kumjibu kuku. Nilikuwa natikisa kichwa tu, kuku akinitazama kwa jicho moja.

Tulipopanda tena, upepo ulikuwa unatoka mbele kuja kwangu. Nikasikia kila kitu.

"Kama kasoro iko kwako, mwanangu, tutaibeba wote," mama mkwe alimwambia Yunisi. "Lakini kama iko kwake, nakurudisha nyumbani. Wewe bado kijana, utaolewa."

"Mama, anasikia."

"Asikie. Siongei naye, naongea na wewe."

Nilitulia juu ya samaki wale kama mmoja wao. Mpaka dakika ile sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kasoro inaweza kuwa yangu. Mimi ni mzima, nabeba injini ya guta la mizigo peke yangu, mmeniona.

Tunduma

Mnajua chumba chetu ni kimoja. Mama mkwe akiingia, mimi natoka. Asubuhi mliponikuta nimelala juu ya matairi mkasema nimefukuzwa na mke. Sikufukuzwa. Nilikuwa nampa mkwe wangu heshima, na tairi la Scania ndilo lililoniachia mimi alama mgongoni.

Aliyeelewa bila kuelezwa ni jirani yetu Mzambia, yule anayeuza vitenge mpakani, maana kwao ng'ambo ni hivyohivyo. Aliniletea ugali na kisamvu karakana, akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Shemeji, bamayo wamekuja, wewe umekuwa mkimbizi." Bamayo kwao ni mama.

"Naondoka nao kesho."

"Mpaka Mbeya? Na utakula wapi?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Ningelijiuliza mapema ningebeba mkate.

Vwawa

Basi dogo tulilopata lilibakiza viti vitatu: viwili vya pamoja, ambavyo Yunisi na mama yake walikaa, na kimoja upande wa pili wa mama mkwe, kile cha kukunja cha katikati. Nikasimama.

"Kaka, kaa," konda akasema.

"Nimezoea kusimama."

"Umezoea wewe, trafiki hajazoea. Kaa!"

Nikachuchumaa mlangoni kwenye ngazi, magoti yakiwa masikioni. Konda akamwambia dereva kwamba leo amebeba abiria na chura.

Tulipofika Vwawa njaa ilikuwa imeshika mpaka naona giza. Tangu ule ugali sikuwa nimetia kitu mdomoni, kwa sababu popote nilipogeuka mama mkwe yupo. Gari liliposimama kushusha watu nikateleza nyuma ya vibanda vya soko, nikanunua mihogo ya kukaanga, nikageukia ukuta nikala. Mihogo ilikuwa ya moto. Nikawa naipuliza. Nilipomaliza na kurudi, gari halipo.

Mengine niliyasimuliwa. Yunisi alikuwa amesinzia kwa uchovu. Gari liliondoka, na aliyegundua kwamba mlangoni hakuna chura ni mama mkwe. Akasimama.

"Simamisha! Kuna mtu ameachwa!"

"Nani?" konda akauliza.

Mama mkwe jina langu hawezi kulitaja. Akafikiri. "Mume wa mtu," akasema.

Gari zima likacheka. "Mume wa nani, mama?" dereva akauliza.

"Mume wa huyu hapa aliyelala."

"Anaitwa nani tumpigie kelele?"

"Hana jina," mama mkwe akasema. "Simamisha gari!"

Mimi wakati huo nilikuwa juu ya bodaboda nafukuzia, mihogo imenisimama kifuani. Niliwakuta wamesimama pembeni ya barabara. Abiria walinipigia makofi. Mzee mmoja akasema, "Hana Jina amefika, twende." Waliniita hivyo hadi mwisho wa safari. Mama mkwe alikuwa anatazama dirishani, amemkumbatia kuku, na Yunisi akaninong'oneza, "Amekasirika. Anauliza umekosa nini mpaka ujifiche kama mwizi wa mihogo."

"Mwambie nilikuwa nakula."

"Ameshajua. Una mafuta kidevuni."

Nanyala

Kufika Nanyala tukakuta magari yamesimama msururu. Mbele huko lori lilikuwa limelala kukinga barabara na winchi ya kulinyanyua haijafika. Mvua nayo ikaanza. Nilimwona Yunisi anakunja vidole kimoja kimoja juu ya goti. Siku yake ya mwisho ya kupimwa ilikuwa kesho yake.

Pembeni ya barabara kulikuwa na mama anauza chai na mahindi ya kuchoma, Mama Kulwa, mwanamke wa Kisukuma aliyeolewa pale. Alituona tumelowa, akatuingiza kwake. Mtu mwema sana, Mungu ambariki, lakini desturi zetu hakuzijua hata moja. Alichoona yeye ni hiki: kijana amekataa kuingia ndani, amekaa barazani mvua inampiga magoti. Mama ameketi ndani ametazama ukuta. Na mama huyo akitaka kusema na kijana, anasema na kuku.

Akanifuata barazani.

"Baba, umemkosea nini mama yako?"

"Sijamkosea. Ni mkwe wangu."

"Ndiyo, umemkosea nini mkwe wako?"

"Ni heshima tu, mama."

"Heshima gani ya kumpa mtu mzima kisogo? Mimi nimeokoka, baba. Siwezi kulaza watu waliokosana chini ya bati langu."

Nilitaka kumweleza lakini mnanijua. Nilisema "hapana" mara kadhaa, naye akaona kwamba moyo wangu ni mgumu. Mama mkwe kwa upande wake akataka kumshukuru mwenyeji, akampa yule kuku. Mama Kulwa akampokea kwa mikono miwili, akaona ni ishara. Kuku wa upatanisho huyo! Hakuchelewa kumchinja.

Jioni kabla giza halijaingia tukaitwa. Akaniingiza ndani kwa kunishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka, akamkalisha mama mkwe mbele yangu, magoti yake na yangu hayapishani hata shubiri. Mimi nilifumba macho. Mama mkwe akajifunika kitenge mpaka kichwani. Mama Kulwa akaomba sala ndefu, akaomba roho ya chuki itoke, akataja na mjumbe wa chuki aliyekwisha kuchinjwa. Kisha akaweka katikati yetu sahani moja ya ugali na kuku.

"Sasa mle pamoja. Kila mmoja amlishe mwenzake tonge la kwanza."

Nikasikia sauti ya ajabu pembeni. Ni Yunisi. Alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Tangu mashine ile ya picha iharibike sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Angeweza kutuokoa kwa sentensi moja, lakini kila alipofungua mdomo kicheko kilitangulia.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Akasema kutoka ndani ya kitenge:

"Mimi nimefunga."

"Umefunga leo?" Mama Kulwa akashangaa. "Si mchana umekula muhindi kwangu, nimekuona!"

"Nimeanza baada ya muhindi."

"Unafungia nini, mama?"

Akavuta kitenge kikamfunika zaidi. "Mjukuu."

Mama Kulwa alimshika mkono, akamwinua taratibu, akampeleka kwenye banda la chai akae huko na sala zake. Mimi nikabaki na sahani nzima. Ndugu zangu, nilikula mpaka mifupa. Sikujua kwamba yeye tangu muhindi ule hakutia kitu tumboni, wala kwamba asubuhi, barabara ilipofunguliwa, Mama Kulwa alitupa sote chai na maandazi akamruka yeye, akisema hataki kumharibia funga yake. Yunisi aliniambia tukiwa tumeshapanda gari. Nilitamani kushuka.

Mbeya

Hospitalini tulifika jua limeshapanda. Dada wa mapokezi akatazama saa, akasema waliopangiwa picha leo wameshaingia, labda tujaribu mwezi ujao. Yunisi alisimama tu, mkono mmoja kwenye ukuta. Mama mkwe alikwenda kwenye mlango wa chumba cha picha, akatandika kitenge chini, akaketi katikati ya njia.

"Mama, hapo panapita watu," muuguzi akamwambia.

"Wapite. Mimi nangoja mwezi ujao."

Wakaitana, wakanong'onezana, na baadaye wakampokea Yunisi. Nilipotaka kwenda kukaa kwenye benchi, muuguzi akaniwekea mkononi kikopo chenye mfuniko.

"Na wewe kaka, chukua hiki."

"Mimi nimesindikiza."

"Kila mwanamume anayekuja hapa amesindikiza. Mara ya mwisho kukutana na mke wako ilikuwa lini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Kabla mama mkwe hajaja kwetu."

Akacheka. "Kipimo cha mbegu hutaka siku chache za kujizuia, basi mama mkwe amekupangia vizuri kuliko sisi. Choo kile pale mwisho."

Hapo ndipo sitaeleza sana, Oska. Nitasema tu kwamba mlango ule haukuwa na komeo. Niliusukuma na mguu, nikasimama nimeshika kikopo, nikimwomba Mungu mambo mawili kwa wakati mmoja. Halafu nikasikia mtu anakuja, na mtu mwingine ameshakaa nje ya mlango. Sauti naijua.

"Kuna mtu," mama mkwe akasema.

"Muda wote huo?" mwanamume akauliza.

"Umetumwa na daktari kumhesabia muda?"

Mwanamume akaenda zake. Mimi nikabaki ndani, yeye nje analinda. Mkitaka kujua kwa nini nilichelewa, jaribuni nyinyi.

Mchana tukapata majibu. Ya Yunisi yalitoka kwanza: mirija iko wazi, hakuna tatizo. Kipimo kilimwacha na maumivu ya tumbo, wakamlaza kwenye chumba cha mapumziko ya wanawake. Kisha daktari akaniita peke yangu. Akanieleza taratibu, kwa upole, kwamba mbegu zangu ni chache na nyingi hazina nguvu. Akanipima, akasema upande wa kushoto mishipa ya korodani imevimba. Nilimwelewa. Tyubu ikivimba upande mmoja gurudumu haliendi sawa, hata kama baiskeli kwa nje inang'aa. Akasema kuna upasuaji mdogo unaoweza kusaidia, na kwamba mgonjwa mmoja wa kesho ameahirisha, nikikubali naweza kuchukua nafasi yake.

Nikatoka. Kwenye korido alikuwepo mama mkwe peke yake, ameketi kwenye benchi. Yunisi amelala. Kuku tulimla Nanyala. Nilitazama huku na huku nione mtu wa kumtuma, hata mfagiaji, hakuna. Na yale maneno ya juu ya Fuso yalikuwa yananiunguruma kichwani. Ningeweza kunyamaza. Yunisi angeamka baadaye, angebeba habari yangu kama alivyobeba kila kitu miaka minne.

Nikasimama mbali kidogo, uso wangu kwenye ukuta.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mirija ya Yunisi iko wazi. Kasoro iko kwangu."

Alikuwa anatazama karatasi ya ukutani inayofundisha kunawa mikono. Aliitazama muda mrefu kama anayesoma, na kusoma hajui.

"Kumbe ana sauti," akaiambia ile karatasi. "Miaka yote nilijua binti yangu ameolewa na bubu."

Akainuka, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi. Mlango haukufunga vizuri.

"Daktari, huyo kijana anatengenezeka?"

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Mimi ndiye niliyemleta."

Daktari akachungulia nje, akaniuliza kwa macho kama aseme. Nikaitikia kwa kichwa.

"Anaweza kutengenezeka, mama. Wengine hupata watoto baada ya hapo, wengine hawapati. Siwezi kukuahidi."

"Sikuombi ahadi. Nauliza kama inafaa kujaribu."

"Inafaa."

"Basi mjaribu." Akatoka, akapita, akaelekea nje ya hospitali bila kusema aendako.

Nikaenda kwa Yunisi. Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda ili wengine wasisikie. Alinitazama, machozi yakamjaa, nikajua kila kitu kimekwisha. Kisha akasema:

"Kwa hiyo mizizi yote ile michungu, miaka minne, nilikuwa nakunywa dawa zako?"

"Ndiyo."

"Na ile iliyonitapisha siku ya Krismasi?"

"Yangu pia."

Alinipiga kofi la begani, halafu akauacha mkono hapo hapo.

"Mama amesemaje?"

"Amesema mimi si bubu."

"Na kuhusu mimi kurudi nyumbani?"

"Hajasema."

Yunisi akafuta uso. "Akiniambia turudi nitakataa. Ila Festo, mimi mama sijawahi kumkatalia kitu. Sijui inaanzia wapi."

Wodini

Wale wanaotaka kujua kama nimepona, jibu ni kwamba sijui. Nimeambiwa nirudi baada ya miezi kadhaa nipimwe tena. Kidonda kimefunga, ndiyo maana mnaniona nimerudi kazini, lakini injini sinyanyui, kwa hiyo Oska acha kuniita. Kilichobaki kuwaambia ni asubuhi ile baada ya upasuaji.

Yunisi na mama yake walikuwa wamelala nyumba ya wageni ya kanisa, mimi wodi ya wanaume. Niliamka nimefungwa bandeji, siwezi hata kugeuka. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mzee mchimba dhahabu kutoka Galula, mguu wake juu kwa kamba. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kuingia na vyakula. Nikamngoja Yunisi. Aliyeingia ni mama mkwe, peke yake, na chupa ya uji.

Nilijua wameshaongea. Nilijua Yunisi yuko stendi na begi, na huyu amekuja kunipa uji wa kuagana, kwa sababu hata akiondoka na binti yake hawezi kumwacha mtu na njaa.

Akasimama karibu na mlango, akamgeukia mzee wa Galula.

"Baba, mwambie huyo wa pembeni yako kwamba mke wake tumbo bado linamuuma. Amelala. Atakuja mchana."

Mzee akanigeukia. "Mke wako tumbo linamuuma, atakuja mchana."

"Nimesikia. Muulize kama ni kweli atakuja."

"Anauliza kama ni kweli."

"Mwambie mimi si muongo."

"Kwani nyinyi hamsikilizani?" mzee akauliza. "Mko hatua mbili!"

Mama mkwe alimimina uji kwenye bakuli. Akaangalia meza, iko mbali na mkono wangu. Akamwangalia mzee, amefungwa kamba. Akamtafuta muuguzi, hayupo. Akasimama pale na bakuli linatoa mvuke, na mimi nikawa natazama dari, tumbo linanguruma mpaka mzee akalisikia.

Basi akafanya hivi. Akageuka, akaja kinyumenyume, hatua ndogondogo, mpaka akakaa ukingoni mwa kitanda changu mgongo wake ukiwa kwangu. Akanyoosha bakuli nyuma, juu ya bega. Nikalipokea. Nami nikageuzia uso ukutani, nikanywa. Nikasikia na yeye amefungua kikombe cha chupa, anakunywa wake, akitazama mlango. Ulikuwa uji wa ulezi, una karanga na ndimu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunakula pamoja, ingawa mtu akituuliza wote wawili tutakana.

Mzee wa Galula alituangalia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mama, mgeukie kijana, utamwaga uji wa mtu. Mmekosana nini nyinyi?"

"Tungekuwa tumekosana," mama mkwe akasema, "saa hizi mimi na binti yangu tungekuwa tumeshapita Vwawa."

Akanyoosha mkono nyuma kupokea bakuli. Akalipima uzito, akaona bado lina uji, akanirudishia bila kugeuka.

"Maliza," akasema, na mara hii hakumtuma mtu.